Shangazi, Kazi Nimeikinai, Niache au Nivumilie?

SWALI: Shangazi, habari za siku nyingi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na nimemaliza miaka sita. Kazi yangu ni kuingiza deklaresheni za mizigo kwenye mfumo. Zamani niliipenda sana, hata juzi kuna lori la vigae nikaona uzito wa kwenye karatasi haulingani na wa kwenye mfumo, nikampigia dereva kabla hajafika mzani, akanishukuru mpaka nikaona haya. Lakini tangu mwaka jana tuliletewa msimamizi mpya, usiku wa manane anapiga simu, kosa likitokea ananisema mbele ya madereva, na kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe ndiye amepandishwa cheo. Jumapili jioni tumbo linaanza kuniuma. Binamu yangu ananunua mchele Butaleja anauza Tororo, anataka tushirikiane. Nafikiri nichukue pesa zangu za NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, ziwe mtaji. Baba watoto anasema watu wanalia hawana kazi wewe unachezea yako. Barua ya kuacha nimeshaandika, iko kwenye pochi wiki ya tatu sasa. – Mama wa Wawili, Malaba

JIBU: Mwanangu, pole. Barua hiyo iache hukohuko kwenye pochi kwanza, tuongee.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu na kila mara narudi kwenye lile lori la vigae. Mtu aliyeichoka kazi yenyewe haandiki hivyo, hakumbuki uzito wala dereva wala mzani. Mi naona kazi bado unaipenda, ulichokinai ni ile ofisi na huyo mtu, na hayo ni mambo mawili tofauti manake dawa zake ni tofauti. Ukichoka kazi unabadilisha kazi, ukichoka msimamizi unabadilisha mlango, na hapo Malaba milango ya mawakala imepangana, wewe mwenyewe unawajua na madereva wanakujua.

Lakini naweza kuwa nimekosea kukusoma, kwa hiyo fanya hivi: chukua daftari dogo, mwezi mzima kila jioni andika saa ambayo moyo ulishuka na kilichotokea, na saa ambayo ulijisikia vizuri, basi. Usiandike malalamiko marefu, andika tu “saa nne, simu yake” au “saa nane, mzigo umetoka salama”. Mwezi ukiisha hesabu. Kama saa mbaya zote zina jina la mtu mmoja, jibu unalo. Kama hata siku ambazo hayupo unaangalia saa ya ukutani kila dakika kumi, basi ni kazi yenyewe na mimi nitanyamaza.

Sasa hiyo pesa ya NSSF, hapo nakusimamisha kabisa. Una miaka 34, pesa hiyo huwezi kuichukua kwa sababu tu umeacha kazi. Sheria iliyorekebishwa 2022 inamruhusu mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 achukue asilimia 20 ya akiba yake, na pesa yote ni mpaka ufike 55, au 50 kama umekaa mwaka mzima bila ajira. Kama mtaji wa mchele ulikuwa unautegemea huko basi hauna mtaji bado, na ni afadhali uujue ukweli huu leo kuliko siku umeshakabidhi ufunguo wa ofisi. Ila angalia salio lako wiki hii. Kwa mshahara wa shilingi 700,000 kwa mfano, kila mwezi unakatwa 35,000 na bosi anaongeza 70,000. Ukikuta miezi imerukwa, dai ukiwa bado ndani na hati zako za mshahara ziko mkononi.

Halafu kuna notisi. Nakuambia hili kwa uchungu manake mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye kampuni moja Industrial Area, Ijumaa moja nikaweka funguo mezani nikatoka bila neno, nilijisikia vizuri mpaka Jumatatu. Nilipopata mahali pengine wakataka barua ya utumishi, nikapiga simu kule kwa zamani hakuna aliyepokea, kazi ikaenda kwa mwingine na nikakaa miezi nane nyumbani, jiko la gesi nikaliuza. Kuondoka sijutii hata leo, najutia nilivyoondoka. Wewe kwa miaka sita unatakiwa kutoa notisi ya miezi miwili, ndivyo Sheria ya Ajira ya 2006 inavyosema kwa aliyefanya kazi kati ya miaka 5 na 10, na ukiomba cheti cha utumishi wakati unaondoka mwajiri lazima akupe. Kiombe kwa maandishi ubaki na kopi. Akikataa, afisa wa leba wa wilaya yuko, nenda umuone.

Kuhusu mchele, usiukatae. Una haki ya likizo ya siku 21 kwa mwaka, wewe umechukua ngapi? Chukua hata wiki mbili, nenda Butaleja wakati wa mavuno ya mashamba ya mpunga ya Doho, kaa na binamu, ununue magunia machache kwa pesa ya akiba sio ya mkopo, uyapandishe gari wewe mwenyewe na uuze Tororo mpaka gunia la mwisho. Utajua gunia linabakiza ngapi ukishatoa usafiri na ushuru wa soko, na utajua kama unaweza kufanya kazi na binamu yako bila kununiana.

Baba watoto usigombane naye, anaogopa ada ya shule. Mkae naye siku umeshakuwa na daftari na hesabu ya magunia, umwonyeshe mtaishi vipi miezi mitatu bila mshahara wako, sidhani atakuambia tena unachezea.

Na usiku zima simu, mwanangu. Mizigo ya saa sita ataiona asubuhi. Niandikie daftari likijaa.