Sensa ya dopamini, au kihisio?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, kwetu Malindi. Natakiwa niwaeleze wazee wangu ninachosoma: vijiti vyembamba mno vya kaboni vinavyotiwa katika ubongo wa panya ili kupima dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya neva. Niliandika hivi: "Sensa za kielektrokemia zenye msingi wa nanomateriali kwa ajili ya ugunduzi wa nyurotransmita." Baba alisoma mara mbili, akaniuliza hiki ni Kiswahili gani. Nimekosea wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Babako ana haki ya kuuliza. Nami niliisoma sentensi yako barazani hapa Lamu, mzee mmoja akadakia: "Sensa? Si walituhesabu 2019, mbona wamerudi mapema?" Hapo ndipo penye mwiba. Neno sensa lina mwenyewe kitambo, nalo ni kuhesabu watu. Ukisema sensa ya dopamini, mtu anaona karani na karatasi zake akipiga hodi ubongoni.

Sema kihisio. Chuja huzaa chujia, tukapata kichujio, chombo cha kuchujia. Vivyo hivyo hisi, hisia, kihisio. Ila usiteleze ukaandika kihisishi, maana hilo walimu wa sarufi wameshalichukua kwa maneno kama Lo! na Ala! Na king'amuzi, neno zuri kweli, limetekwa na televisheni. Ukilitaja watu watatafuta rimoti.

Tena hiki chako kinahisi kweli. Dopamini ikigusa ncha ya kaboni iliyopewa volti zinazofaa, kila molekuli huachia elektroni mbili, na huo mkondo mdogo wa umeme ndio unaosomwa. Kielektrokemia basi haina kosa. Kwa wenzako wa chuo iache ilivyo. Kwa wazee "vya umeme" inatosha.

Kilichonikera zaidi ni ugunduzi. Kugundua ni kukuta kisichojulikana, na dopamini inajulikana. Arvid Carlsson wa Uswidi na wenzake walishaonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba inafanya kazi yake yenyewe ubongoni, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kazi ya kijiti chako ni kutambua, kama unavyomtambua ndugu yako katika umati wa Maulidi, wote wamevaa kanzu nyeupe. Maana vitamini C nayo imo ubongoni, tena kwa wingi kuipita dopamini, na huitika kwa volti zilizo karibu sana na zake. Kijiti kitupu huwachanganya wawili hawa. Ndiyo maana wengine hukipaka utando wa Nafion, aina ya plastiki, wenye chaji hasi: vitamini C, ambayo humo mwilini ina chaji hasi vilevile, husukumwa nyuma, dopamini yenye chaji chanya hupita. Kuhisi tu hakutoshi hapo.

Na hii "zenye msingi wa"? Nyumba ina msingi. Fundi wa jahazi hapa hasemi jahazi lenye msingi wa deheni, husema amelipaka deheni. Nawe sema kilichopakwa, na kimepakwa nini. Kama ni mirija ya kaboni, itaje: mirija ya nano ya kaboni. Nano ije nyuma ya jina, kwa kuwa sisi hutaja kitu kwanza, sifa ikafuata. "Nanomirija" ni kutembea kinyumenyume. (Nanomita naiacha, kwa kuwa ni kipimo, sehemu moja ya bilioni ya mita, ndugu yake kilomita.)

Nimebakiwa na nyurotransmita. Kwenye mtihani iandike, hakuna atakayekukata maksi. Lakini kwetu kuna kijumbe, yule anayepeleka posa baina ya nyumba mbili zisizoonana uso kwa uso. Neva nazo hazigusani. Baina yake pana mwanya wa kama nanomita 20, na kemikali hizi ndizo zinazouvuka, zikafikisha neno kwenye kipokezi cha upande wa pili. Dopamini nyingi hata hurudishwa ilikotoka, kama kijumbe arudivyo na jibu, ingawa yeye jibu hana. Basi vijumbe vya neva. Angalia upatanisho tu: kijumbe wa posa amefika, kijumbe cha neva kimefika. Dopamini yenyewe, kama homoni, imefika.

Sentensi yako sasa: "Vihisio vya umeme vilivyopakwa mirija ya nano ya kaboni, vya kutambua vijumbe vya neva." Msomee babako. Akikwama kwenye nano, ng'oa unywele mmoja umwambie upana wake ni nanomita kama 80,000 hivi. Na akikuuliza kijumbe huyo anamposea nani, mrekebishe kwa adabu: kinamposea.