Maiti Nane, Matanga Hakuna

Juzi usiku kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Shikamoo dada. Nami ni mgonjwa wa zile tamthilia za Denmark na Sweden, za wauaji wanaoua mmoja baada ya mwingine. Nimeanza skripti yangu ya Kibongo ya namna hiyo. Ina maiti tisa. Nipe ushauri."

Marahaba mdogo wangu. Umenizidi maiti moja.

Wote mnaonisoma mna skripti mahali, kwenye simu au kwenye daftari chini ya godoro, na wote mnataka siku moja mtu alale saa kumi alfajiri kwa sababu yenu. Kwa hiyo nitasimulia kirefu kidogo. Mwenye haraka aruke.

Nilianza kuzitazama mwaka aliouawa kaka yangu. Alikuwa dereva wa bodaboda. Abiria wawili walimkodi usiku, pikipiki haikuonekana tena, yeye akaokotwa alfajiri mtaroni. Ilipopita arobaini watu walirudi makwao. Mama alibaki na karatasi ya RB, ile ya namba ya kesi kutoka polisi, mimi nikabaki na macho makavu usiku kucha. Binamu yangu akanijazia flashi, akasema hii ya Denmark inatisha. Sikutaka cha kutisha. Nilitaka kitu kirefu cha kunifikisha asubuhi.

Kilikuwa *Forbrydelsen*, cha mwaka 2007, cha DR, shirika lao la utangazaji la taifa. Msimu wa kwanza una sehemu 20, na kila sehemu ni siku moja ya upelelezi. Siku ishirini kwa binti mmoja wa miaka 19, Nanna Birk Larsen, anayekutwa kwenye buti la gari lililozamishwa majini. Gari linapovutwa baba yake yuko pale pale, Theis, mtu wa miraba minne anayeendesha biashara ya kuhamisha samani. Mama yake, Pernille, yuko upande wa pili wa simu. Yeye haoni kitu. Anamsikia mumewe tu.

Nilisimamisha picha nikaenda kukaa uani. Mimi pia habari ya kaka nilipewa kwa simu. Nilikuwa kwenye daladala, na konda alikuwa ananidai nauli.

Halafu wale watu hawana haraka! Unangoja mpelelezi akimbize mtu, wao wanakupeleka jikoni kwa Pernille. Nani atawaambia wadogo wawili wa Nanna, na maneno gani? Chumba cha marehemu kifanyweje? Nimekulia kwenye filamu ambazo mtu anauawa dakika ya kumi, na dakika ya kumi na mbili mjane ameshapaka rangi ya mdomo. Hapa nilikalishwa kwenye mkeka wa msiba siku ishirini, kwa lugha nisiyoijua hata salamu yake, nikisoma maandishi ya chini.

Na yupo mpelelezi mwenyewe, Sarah Lund, yule mwenye sweta la sufu la Visiwa vya Faroe. Tunamkuta siku yake ya mwisho kazini, anahamia Sweden na mchumba wake na mwanawe. Haondoki. Ndege zinaruka, mchumba anakasirika, mtoto anatelekezwa kwa bibi. Kama mama simsifii hata kidogo. Lakini sisi kila tulipokwenda kituoni tuliambiwa "upelelezi unaendelea", na tulijua maana yake. Kumwona mtu ambaye kwake upelelezi unaendelea kweli, hadi unamla nyumba yake, kulinifanya nilie kilio ambacho kwenye hitma kilikataa kutoka.

Wengi wanaosifia kazi hizi hutaja giza na mvua. Ni kweli, Stockholm mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, na kisa cha Nanna ni cha Novemba, kila kitu kimelowa. Mimi nilikuwa Tabata, feni inasukuma joto kutoka ukuta huu kwenda ule, kwa hiyo ile baridi yao ilinipoza, sikatai. Ila giza peke yake halina kazi. Umeme ukikatika kwetu tuna giza la kutosha.

Ungedhani baada ya kulia hivyo nilikuwa nimeelewa. Wapi! Niliketi nikaandika skripti ya muuaji wa Dar es Salaam anayefunika kila maiti kwa kanga, na jina la kanga ndiyo fumbo linalomtaja atakayefuata. Maiti nane, kanga nane. Nilijiona nimefika. Nikampelekea prodyuza mmoja, sitamtaja, anajijua. Akaisoma mbele yangu, Mikocheni, huku soda yangu ikipoteza gesi. Alipomaliza akauliza: "Hawa watu hawana mama?"

Nilimchukia miezi mingi. Baadaye niliona bango la tamthilia yake mpya, msichana amelala amefunikwa kanga, nikamchukia upya, na hiyo chuki ya pili bado ninayo. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa na maiti nane bila matanga hata moja. Niliyempenda kwenye skripti yangu alikuwa muuaji.

Nikarudi kuitazama *Bron*, tamthilia ya Sweden na Denmark ya mwaka 2011. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona ujanja tu: Daraja la Øresund, lile lililofunguliwa mwaka 2000 kuunganisha Malmö na Copenhagen, na katikati yake, juu ya mstari wa mpaka, maiti. Polisi wa nchi mbili wanafika. Wakijaribu kuiinua wanakuta ni nusu mbili za wanawake wawili. Mara ya pili nikauliza swali la prodyuza: ni akina nani hawa? Juu ni mwanasiasa wa Sweden. Chini ni mwanamke wa Denmark aliyekuwa akiuza mwili, na kupotea kwake hakukuwa kumewakosesha polisi usingizi. Kuanzia hapo sikuona tena ujanja. Niliona mtaro wetu.

Nao hawakuzua jambo hili juzi. Maj Sjöwall na Per Wahlöö, mtu na mwenzi wake, waliandika vitabu 10 vya mpelelezi Martin Beck kati ya 1965 na 1975, wakitumia uhalifu kuipasua Sweden waione ndani. Henning Mankell, mwandishi aliyemtunga mpelelezi Wallander, aligawa maisha yake kati ya Sweden na Maputo, ambako aliongoza jukwaa la Teatro Avenida. (Maputo, ndiyo. Hapo ng'ambo ya Ruvuma, ukishuka mpaka kusini kabisa.)

Kwa muda nilidhani wenzetu wana nchi ambayo kila jalada linafika mwisho. Mpaka niliposoma habari za Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, aliyepigwa risasi barabarani Stockholm tarehe 28 Februari 1986 akitoka sinema na mkewe. Miaka 34 ya kutafuta. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka akafunga jalada kwa kumtaja mshukiwa ambaye alikuwa ameshakufa. Waziri mkuu! Kumbe Sarah Lund ni ndoto yao kama alivyokuwa yangu. Siku hiyo niliacha kuwaonea wivu.

Basi, ushauri. Punguza maiti. Ukishapunguza, punguza tena. Kabla hujaandika jinsi muuaji anavyokata, andika nani anapigiwa simu, yuko wapi, ameshika nini mkononi. Nawaambia ukweli, vijana: wengi wenu mnajificha nyuma ya damu kwa sababu damu ni rahisi, rangi nyekundu na soda ya Fanta vinatosha. Msiba unataka ukae. Unataka ujue wali umepikwa na nani na nani hakuja kuzika. Mtu asiyejua kukaa msibani asiniletee mpelelezi. Na punguza maiti, nimeshasema.

Mimi sasa nimebaki na maiti moja. Kurasa arobaini na mbili, na mpelelezi bado hajaingia.

Mwaka jana mama alinikuta naitazama *Forbrydelsen* kwa mara ya tatu. Akaketi. Nikawa namtafsiria kama wale wa vibanda umiza, vibaya, nikiruka maneno. Hakuuliza muuaji ni nani. Alimtazama Lund akirudi ofisini usiku, peke yake, na lile sweta. Karatasi ya RB mama bado anayo, imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya sokoni, imechakaa hadi namba hazisomeki.

"Huyu dada wa sweta," akasema, "kituo chake kiko wapi?"

Nikamwambia ni mbali, mama.

Akanyamaza kidogo. "Haya, weka inayofuata."