Umepata A, Sawa. Umefanya Nini Kingine?

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dada, nimepata A. Nifanyeje nipate chuo Marekani kitakachonilipia kila kitu?" Huwa nafurahi kwa dhati, maana najua A hiyo imetafutwa kwa jasho. Lakini swali ninalowarudishia huwakata maneno: mbali na masomo umefanya nini, na nani aliyekuona anaweza kulisimulia? Wengi hunyamaza. Wamefanya mengi, ila hakuna aliyewaambia kuwa yana maana, kwa hiyo hawakuyaandika popote, na mwalimu aliyeyashuhudia keshahamishiwa kaunti nyingine.

Ndiyo maana leo naandikia walio bado sekondari, pamoja na wazazi wao. Mimi nilisoma shule ya kaunti ya wasichana, nikaenda chuo Marekani kwa ufadhili kamili, na tangu nirudi nimekuwa nikisoma rasimu za wanafunzi wanaoomba. Nayasema niliyoyaona.

KCSE ya mwaka 2024 ilitoa A 1,693. KUCCPS, idara ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo nchini, inapowapanga inaangalia gredi na pointi za masomo yanayohitajika kwa kozi, basi. Haikuulizi jioni ulikuwa ukifanya nini. Tumelelewa katika utaratibu huo na tunadhani kila mahali ni hivyo. Mwaka huo huo wa 2024, Harvard ilipokea maombi zaidi ya 54,000 na ikawakubali watu wasiofika 2,000. Wengi mno kati ya waliokataliwa walikuwa na alama za juu kama zako. Alama hufanya faili lako lisomwe hadi mwisho. Kinachokutofautisha na wenzako wenye alama hizo hizo kimo katika kurasa nyingine.

Na kwetu sisi kuna suala la fedha. Vyuo vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humwamulia mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia kama nyumbani kwao wana uwezo wa kulipa, kisha hufidia chote ambacho familia haiwezi. Vingine vingi vyenye ukarimu hutenga kiasi fulani kwa wageni, na kikiisha kimeisha. Kwa hiyo unaposema unataka kulipiwa kila kitu, jua umeingia katika mchujo mkali zaidi kuliko wa Mmarekani anayejilipia.

Sasa tufike kwenye fomu yenyewe. Inayotumiwa na vyuo vingi ni Common App, nayo hufunguliwa tarehe 1 Agosti kila mwaka. Ndani yake kuna sehemu ya shughuli: nafasi 10, kila shughuli ielezwe kwa herufi zisizozidi 150. Wanafunzi wetu wakifika hapo hutafuta vyeo. Kiranja. Katibu wa kilabu cha mazingira. Mwanakwaya. Baada ya hapo wanaona haya kwa sababu shule yao haina bwawa la kuogelea wala kilabu cha roboti, na nafasi zilizobaki wanaziacha tupu. Ilhali katika orodha ya aina za shughuli, fomu imetaja waziwazi majukumu ya nyumbani na kazi ya malipo. Kulea wadogo zako mama akiwa kazini ni shughuli. Kukamua ng'ombe kabla ya kwenda shule, kuuza duka wakati wa likizo, kumpeleka nyanya kliniki na kumsomea maagizo ya dawa, vyote vina nafasi yake. Wanaosoma fomu hizo hutaka kujua ulikuwa na nini mkononi na ulikifanyia nini.

Nilimsaidia binti mmoja wa Homa Bay ambaye mamake huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Katika rasimu yake ya kwanza omena haikutajwa kabisa. Nilipomuuliza likizo anashinda akifanya nini, akasema kwa sauti ya chini kwamba humwekea mama hesabu. Nikamwomba daftari. Lilikuwa la mistari, limekunjika pembe, lenye safu tatu: tarehe, bei ya gorogoro (kopo la kupimia), na kiduara kidogo pembeni, kingine kimepakwa wino chote, kingine nusu, kingine kitupu. Viduara vile vilikuwa mwezi. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti samaki, wavuvi hurudi na kidogo na bei hupanda. Wavuvi wanalijua hilo tangu jadi. Yeye aliliweka katika tarakimu, halafu akamshawishi mamake anunue na kuhifadhi omena kavu kabla ya mwezi kupevuka. Tukaandika hivi, kwa Kiingereza cha fomu lakini maana yake ni hii: "Naweka hesabu za omena za mama, nilipatanisha bei na mwezi, sasa tunahifadhi debe kabla ya mwezi mpevu na hatununui bei ikiwa juu." Humo mna uchunguzi, takwimu, biashara na upendo kwa mzazi, na hakuna cheo hata kimoja. Ndiyo shughuli aliyoiweka ya kwanza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni daftari. Mwisho wa kila muhula na kila likizo, andika ulichofanya, saa ngapi kwa wiki, pamoja na nani, na nini kilibadilika kwa sababu yako. Fomu itakuuliza saa hizo, na mtu hawezi kukumbuka Kidato cha Pili akiwa amekwisha kumaliza shule. Walioanza Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari ya juu katika mtaala mpya, Januari 2026 wana bahati kidogo, kwa sababu mtaala wao umeweka huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo ya lazima. Msiifanye kwa ajili ya kutia alama tu. Chagueni tatizo moja mnaloliishi, mlishikilie.

Naliomba hili kwa moyo wote: usianzishe shirika la kubuni miezi miwili kabla ya kutuma maombi, lenye nembo na ukurasa wa mtandaoni na picha moja ya watoto wakipewa daftari. Nimeziona nyingi na hunisikitisha, kwa sababu kijana huwa ameacha kitu cha kweli alichokuwa akikifanya ili aigize kitu cha watu wengine. Ukimfundisha hesabu mtoto wa jirani kila Jumamosi kwa miaka miwili, hilo lina uzito kuliko wakfu uliodumu likizo moja.

Kisha kuna barua za walimu. Hapa ndipo wanafunzi wetu hupoteza zaidi, na kosa si lao wala la walimu. Walimu wetu wamezoea cheti cha kuondoka shuleni, kile chenye mstari mmoja wa mwalimu mkuu kuhusu bidii na tabia. Wakiombwa barua ya kupendekeza mwanafunzi, huandika mstari ule ule kwa urefu zaidi: ni mtiifu, ana nidhamu, ana bidii. Ni sifa njema, ila zinamfaa kila mtu darasani. Vyuo vingi huomba barua mbili za walimu waliokufundisha na moja ya mshauri wa shule, ambaye kwetu mara nyingi ni mwalimu wa ushauri nasaha au naibu wa mwalimu mkuu.

Barua hiyo huanza kuandikwa miaka miwili kabla, pale unapouliza swali baada ya kipindi na kurudi kesho yake na jibu ulilolitafuta. Barua bora niliyowahi kuisoma ilikuwa ya mwalimu wa kemia. Alieleza jinsi mwanafunzi wake, katika tajriba ya titresheni, alivyokataa kubadilisha vipimo vyake vifanane na vya meza ya jirani. Alirudia, akapata vilevile, akaomba ruhusa akague bureti, ule mrija wa kupimia, akakuta bomba lake linavuja tone moja moja. Mwalimu aliandika kisa hicho kwa aya moja tu, na kijana mzima alionekana humo. Sasa, mwalimu ana madarasa matano na hawezi kukumbuka kila kitu. Mpelekee ukurasa mmoja kwa heshima: "Mwalimu, haya ndiyo ninayoyakumbuka katika darasa lako." Taja matukio mawili au matatu, umwachie aamue. Mpe mwezi mzima. Hakikisha pia ana baruapepe anayoifungua, kwa sababu barua huituma mwenyewe moja kwa moja, haipitii kwako.

Insha kuu ya Common App haizidi maneno 650. Yangu ilihusu ndoo. Bweni letu lilikuwa na mfereji mmoja, na wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakifika mwisho kila alfajiri na kuoga maji ya kugawana. Nikiwa kiranja wa bweni nilichora zamu kwa chaki ukutani, na ikapuuzwa. Nilichoandika katika insha ni mazungumzo niliyoyafanya na wasichana wa Kidato cha Nne, kitanda kwa kitanda, hadi mmoja wao akakubali kuanza kuchota zamu ya mwisho kwa hiari, na wenzake wakamfuata. Sikuwa na la kusimulia lenye fahari kuliko hilo, nalo lilitosha kwa sababu lilionyesha ninavyofikiri ninapokwama.

Vijana huniuliza kama waandike kuhusu umaskini. Andika, kama ndimo yalimo maisha yako, lakini usiishie kwenye machozi. Msomaji akimaliza insha akijua tu kwamba uliteseka, bado hajakujua wewe. Na usimpe wakala akuandikie, hata akikuonyesha orodha ya vijana aliowapeleka. Usiipe akili unde pia; Common App huhesabu kuwa ni udanganyifu kuwasilisha maandishi yake kana kwamba ni yako. Isitoshe, sauti ya kijana wa Kitui ikipitishwa humo hutoka ikifanana na ya mtu wa popote.

Makaratasi nitayapitia upesi. Tunza ripoti za kila muhula tangu Kidato cha Kwanza, maana utaombwa matokeo ya miaka yote, na ofisi ya shule huenda isiwe na nakala. Zipigishe mhuri ukiwa bado shuleni. Mtihani wa SAT, wa kuingilia vyuo vya Marekani, umerudi kuwa wa lazima katika baadhi ya vyuo, kwa mfano MIT tangu 2022, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo. Ada ya kuomba inaweza kusamehewa ukieleza hali ya nyumbani. Upande wa msaada wa fedha utaulizwa mapato ya wazazi kwa mwaka, na mzazi asiye na hati ya mshahara huogopa swali hilo. Keti naye mapema mwandike: maziwa, bonasi ya majani chai, kibarua, kodi ya chumba kimoja anachokodisha. Andikeni ukweli, maana karatasi zitafananishwa.

Kuhusu wa kukushika mkono, wapo. Mike Boit, yule aliyetwaa shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alishirikiana na mwanahabari John Manners kuanzisha KenSAP, mpango wa kuwasaidia vijana wa Kenya kuomba vyuo vya Marekani, mwaka 2004. Miaka ile ya mwanzo, vijana waliofanya vizuri KCSE walipoitwa Iten kwa usaili walitakiwa kukimbia pia mita 1,500, kwa kuwa mkimbiaji mzuri huweza kutetewa na kocha wa chuo. Yaani hata palepale nyumbani, A peke yake haikutosha. Wasichana wana Zawadi Africa, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Susan Mboya, na benki ya Equity nao wana mpango wao wa viongozi kwa wanaofanya vizuri kupindukia. Kituo cha EducationUSA cha ubalozi wa Marekani Nairobi hutoa ushauri pia. Kote huko, usaili hugeukia haraka yale yaliyo katika daftari lako.

Jambo la mwisho ni muda, kwa sababu huwashtua wazazi. Ukimaliza KCSE mwezi wa Novemba, maombi utayatuma kati ya Agosti na mwanzoni mwa Januari inayofuata, majibu mengi yatatoka Machi, na utasafiri Agosti. Ni karibu miaka miwili. Mimi nilifundisha shule ya msingi kijijini kwetu kwa malipo madogo kipindi hicho, na kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa shughuli zangu 10. Wakati huohuo jaza KUCCPS, tena uchague kozi unayoipenda kweli, kwa maana wengi wanaoomba Marekani hawapati. Ila ukiitwa na chuo cha hapa Kenya, usiripoti kabla hujauliza habari ya kuahirisha kujiunga. Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyekwisha kuanza shahada kwingine kuwa mwanafunzi anayehama, na fedha za wageni wanaohama ni haba mno. Mpigie msajili wa chuo wiki ileile barua ya kuitwa inapofika, na jibu lake uliombe kwa maandishi.