Uliza Mzee wa Mtutu: Bunduki Moja kwa Nyati na Pofu

Shikamoo mzee. Nimerithi bunduki ya .30-06 ya marehemu baba, nimewindia swala na ngiri kwa miaka saba. Mwakani nimepata nafasi ya kuwinda nyati, na pofu, yule swala mkubwa, juu yake. Rafiki yangu anasema nichukue .458 na darubini ya 6-24x50 ili "nihesabu kope za mnyama". Mfuko wangu unaruhusu kununua mara moja tu. Nishauri.
*Mwindaji wa Swala*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako anakutakia mema, lakini bunduki hiyo ungeichukia kabla wiki haijaisha.

.458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956, inasukuma kichwa cha risasi cha gramu 32 kwa mita 640 hivi kwa sekunde. Nyati hana ubishi nayo. Mwenye ubishi ni bega lako, maana teke lake ni karibu mara tatu ya hilo la .30-06 ulilolizoea. Miaka niliyofanya kazi ya kuongoza wawindaji nilikuwa na mchezo mmoja. Siku ya kwanza, kwenye shabaha, naomba bunduki ya mgeni "niikague", kisha nachomeka risasi bandia katikati ya zile za kweli bila yeye kuona. Alikuja bwana mmoja, mpana kama mlango, na .458 mpya inayong'aa. Ya tatu ilikuwa bandia. Tukasikia "tik" tu, na mtutu ukazama kiganja kizima kwa kuogopa teke, macho yamefumba, mdomo umeumwa na meno. Hakuna aliyecheka. Safari nzima iliyobaki aliwinda kwa .375 yangu.

Basi nawe chukua .375 H&H (Holland & Holland) Magnum. Ilitengenezwa London mwaka 1912 na hadi leo sijaona ya kuitoa kwenye nafasi yake kwa mtu wa bunduki moja. Kichwa cha gramu 19.4 kinatoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Teke lipo, karibu mara mbili ya lile la .30-06, ila ni la kusukuma zaidi kuliko la kugonga, na mtu akifanya mazoezi hulizoea. Pofu mara nyingi hukusubiri mita 150 au 200 kutoka ulipo. Ukiirekebisha .375 ipige katikati kwa mita 100, kwa 200 itakuwa imeshuka sentimita 15 hivi. .458 itakuwa imeshuka zaidi ya 20. Pia nchi nyingi zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, kwa hiyo .30-06 ya baba usiifikirie kabisa kwa nyati. Isome sheria na kibali chako kabla hujalipa.

Utakutana na mtu wa kukutajia W.D.M. Bell, yule Mskoti aliyeua tembo kwa mamia akitumia bunduki ndogo ya 7x57. Ni kweli. Lakini Bell alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi kwa kila upande, na alipiga risasi kila siku ya maisha yake ya kazi. Wewe una likizo ya siku kumi.

Kwenye bolti, yaani komeo la kuingizia risasi, tafuta yenye ukucha mrefu wa mtindo wa Mauser ya 1898. Ukucha huo hushika kitako cha risasi mara tu inapotoka kwenye magazini na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Bolti nyingine huisukuma tu risasi mbele na kuishika mwisho kabisa wa safari. Sasa piga picha: nyati amegeuka, mikono inatetemeka, unaisukuma bolti karibu mpaka mwisho, halafu unairudisha kabla hujaifunga. Yenye ukucha itairudisha risasi ileile. Ile nyingine itaiacha ndani ya chemba na kuchomoa ya pili, igonge ya kwanza kwa nyuma. Hapo huna bunduki, una fimbo. Shambani kwa swala jambo hili halina uzito hata kidogo. Kwa nyati ndilo la kwanza ninaloliangalia.

Tuje kwenye darubini, maana hapa ndipo watu wazima wanapotupa fedha. Hiyo ya 6-24x50 (hukuza mara 6 hadi 24, kioo cha mbele milimita 50) haishuki chini ya mara sita. Nyati utampiga mita 40, pengine 30, ndani ya kichaka. Ukiangalia kwa mara sita utaona ngozi nyeusi imejaa kioo kizima, hujui ni bega au tumbo. Unahitaji 1-4x24 au 1-6x24. Iweke kwenye moja unapotembea, ulenge macho yote mawili yakiwa wazi. Pofu akisimama mbali, una muda wa kuzungusha mpaka nne. Usitishwe na udogo wa kioo cha mbele. Gawa milimita 24 kwa 4 upate 6, huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako, na mboni ya mtu gizani hufunguka kama 7 tu. Ile ya rafiki yako ikiwa kwenye 24 inakupa milimita 2. Kope zenyewe utazihesabia wapi?

Uliza pia nafasi kati ya jicho na kioo cha nyuma. Isipungue sentimita 9. Nina kovu la mwezi mwandamo juu ya nyusi ya kulia, zawadi ya darubini ya swala niliyoifunga kwenye bunduki kubwa ya .416 kwa kiburi. Damu ilinijaa jichoni nisione kama mnyama ameanguka. Alikuwa ameanguka, lakini hilo niliambiwa.

Ifunge chini kadiri inavyowezekana, shavu likae kwenye kitako bila kunyanyua shingo. Nunua vishikio vya darubini vya kufunguka kwa mkono, na hakikisha mtutu una vilengeo vyake vya chuma, kwa ile siku utakayomfuata aliyejeruhiwa kwenye majani marefu. Kwa nyati, risasi ya kwanza iwe yenye ncha laini iliyoungwa imara, zinazofuata ziwe ngumu tupu.

Mzee, natumia mkono wa kulia, ila kila nikilenga najikuta nafumba jicho la kulia. Vijana wa huku wananicheka. Darubini itanisaidia?
*Dada Mlengaji*

Itasaidia kidogo, dada yangu, kisha itakusaliti. Unganisha viganja uache tundu dogo, nyoosha mikono, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, halafu fumba jicho moja moja. Linalobaki likikiona ndilo linalotawala. Nabashiri ni la kushoto. Kwa darubini kubwa utavumilia, lakini kwa ile ya kukuza mara moja, macho yote wazi, ubishi wa macho unarudi palepale. Hamia bega la kushoto sasa hivi kabla hujanunua, na utafute bolti ya mkono wa kushoto. Mwezi wa kwanza utajiona kichekesho. Waache wacheke.

Jana bunduki ilipiga katikati, leo inapiga sentimita 20 kulia kwa mita 100. Darubini imekufa?
*Msomaji, kwa ufupi*

Usiguse vifungo vya darubini kwanza! Kaza skrubu za vishikio, kisha zile mbili zinazoshika mtutu kwenye mbao. Mara nyingi mwizi yuko hapo, hasa baada ya barabara mbovu. Angalia kama umebadilisha aina ya risasi. Piga tatu ukiwa umeegemeza bunduki vizuri. Zikikusanyika pamoja lakini bado kulia, sasa zungusha: mlio mmoja husogeza sentimita 1 au milimita 7 hivi kwa mita 100, imeandikwa kwenye kifungo chenyewe. Zikitawanyika ovyo, azima darubini nyingine uifunge kwenye bunduki hiyohiyo, upige tena.