Kabla ya nyundo, jifunze mwangaza: kwa wadogo zangu wanaoanza kazi ya shaba hapa Lubumbashi

Wadogo zangu mnaokuja kuniuliza namna gani mtaanza, mimi siwaambii kwanza habari ya nyundo. Nyundo mkono utaizoea wenyewe. Kitu nilichelewa kukielewa ni mwangaza, na ningekijua mapema ningeokoa shaba nyingi sana.

Kuna mama mmoja alinunua kwangu sahani kubwa ya ukutani, niliipitisha kwenye moto mpaka ikatoka zambarau na bluu kama shingo ya njiwa, akaipenda pale pale atelie, akalipa bila hata kuomba nipunguze. Wiki haijaisha akarudi nayo imefungwa kwenye kitenge, anasema fundi umenibadilishia, hii si ile. Iliniuma. Nikamwomba twende kwake, tukafika nikakuta ukuta wa kijani, ampuli moja ya njano katikati ya dari, na sahani imetundikwa juu kabisa ya mlango kwenye giza. Rangi zilikuwepo zote, mwangaza ndio haukuwepo. Tukaishusha mpaka usawa wa macho, tukaihamishia ukuta ulio karibu na dirisha, na mama mwenyewe akaenda kuita majirani waje waone.

Sasa sikilizeni kwa nini. Ile bluu si rangi ya kupaka. Shaba ikishika moto, hewa inaivalisha ngozi nyembamba sana, na unene wa ngozi ile ndio unaamua mwangaza urudi na rangi gani: inaanza chungwa, inaingia zambarau, halafu bluu, ukizidisha moto inakwenda nyeusi na hapo unachukua msasa unaanza upya. Ndiyo maana ukisogea hatua mbili kazi inabadilika. Na ampuli ya njano ina bluu kidogo sana ndani yake, sasa sahani itarudisha bluu gani? Siku hizi hakuna kazi inatoka kwangu kabla sijaiangalia nje kwenye jua, kivulini, na chini ya ampuli ya kawaida ya nyumbani, maana huko ndiko itaishi.

Habari ya dirisha. Vitabu vya Ulaya vinasema mchongaji aweke meza kwenye dirisha la kaskazini, na mimi nilifuata hivyo miaka miwili, jua linanipiga machoni, shaba inang'aa mpaka sioni umbo. Kule kwao jua linapita kusini! Sisi tuko karibu nyuzi 12 kusini ya ikweta, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo dirisha lenye mwangaza mtulivu kwetu ni la kusini. Mwishoni mwa Oktoba linapita juu ya kichwa, linahamia kusini kidogo mpaka katikati ya Februari ndipo linarudi, lakini miezi ile ni ya mvua na mawingu, natundika shuka jeupe basi. Angalieni pia chini. Kiangazi udongo wetu mwekundu mbele ya mlango unarusha mwangaza mwekundu ndani na shaba inaonekana nyekundu kuliko ilivyo, nilimwaga kokoto za kijivu pale na ukuta nikaupaka chokaa.

Jumamosi nafungua mlango, anayepita aingie. Watu watagusa, msiwakataze, mtu anataka kuijua shaba kwa mkono. Ila jasho la vidole linaacha alama, baada ya siku chache inakuwa kahawia, kwa hiyo wekeni kipande kimoja cha kuguswa na zingine zipakeni nta ya nyuki. Na acheni mezani kazi ambayo haijaisha, maswali mazuri yanatoka pale, hasa ya watoto. Jioni moja delestaji, ule mgao wa umeme, ilitukuta na wageni ndani, kijana mmoja akawasha tochi ya simu kutoka pembeni, na kwenye bati nililodhani limenyooka nikaona mabonde kumi. Tangu siku hiyo nakagua kila kazi gizani, tochi ikilala pembeni kabisa.

Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, ni laini, tupa inalila vizuri, lakini vumbi lake lina shaba na si la kuvuta, saga na maji na funika pua. Wazee wetu wa Katanga waliyeyusha mawe hayo hayo ya kijani kwa makaa wakamimina misalaba ya shaba iliyokuwa pesa, mnashika kitu kizito. Kijani cha juu ya shaba mtakipata kwa siki na chumvi, polepole. Bluu inayotoka kwa mvuke wa amonia fanyieni nje, na amonia na javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, zisikutane kamwe, gesi yake inaua.

Kitu kingine, wengi mnakuja na picha kwenye simu mnataka kunakili. Hapa hapa mjini, mwaka 1946, mchoraji Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake na hakuwapa vijana picha za Ulaya wazifuate. Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole, Pilipili Mulongoy akachukua ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga naye njia yake, na mpaka leo ukiona kazi unajua ya nani.

Basi, Jumamosi njooni kabla ya saa tatu asubuhi, mwangaza ukiwa bado umelala. Kila mtu alete kipande chake hata kama hakijaisha, tutavipanga nje ukutani tuviangalie mpaka jua lipande.