Kabla ya kwenda fildi
Mdogo wangu, umeuliza uongeze lugha gani ya tatu ya kuandikia programu kabla ya kwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Usiongeze. Java na Python ulizonazo zinatosha kabisa. Jifunze Git, programu ya kutunza kila badiliko la kodi (maandishi ya programu), ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kusimamia kodi ya mfumo endeshi wa Linux, maana kazini huandiki peke yako: unapewa kodi ya mtu aliyeshaondoka, haina hata maelezo, unaambiwa urekebishe kosa moja bila kuharibu kwingine. Chuoni sisi hatukupewa zoezi la namna hiyo hata siku moja. Chukua programu huria yoyote, yaani ambayo kodi yake iko wazi kwa wote, uisome wiki nzima kabla hujagusa mstari. Na ukikwama, uliza mapema. Mimi nilikaa kimya siku tatu naona aibu, kumbe nilikosea nywila ya hifadhidata!