JIBU: Mtoto ana upele, sampuli iko maabara. Usingoje majibu, ripoti leo

Mkuu mleta mada, acha kuandika hapa, shika simu. Umesema mtoto ana homa, macho mekundu, mafua, kikohozi, na upele umeanzia usoni unashuka kifuani. Damu mmeshatoa. Halafu unatuuliza kama ni busara kungoja majibu ya maabara ndipo uripoti surua. Hiyo busara niliwahi kuitumia mimi, na mpaka leo nikisikia mtu anaitaja natamani kumpokonya kalamu.

Nilikuwa mgeni kazini, kituo kidogo. Mtoto aliletwa na dalili hizohizo, nikashuku surua tangu alipovuliwa shati. Nikaenda kwa bosi. Akaniambia tusitie watu hofu, karatasi ya maabara ikija ndipo tupige simu. Mtu ana vyeti ukuta mzima, mimi nani nibishe? Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba hofu aliyoijali ni ya wateja kukimbia. Na mwongozo wa kuripoti magonjwa tulikuwa nao humohumo ofisini kwake. Ulikuwa unaegemeza feni.

Sasa sikiliza kilichotugharimu. Mgonjwa wa surua huambukiza tangu siku 4 kabla ya upele hadi siku 4 baada yake, na virusi vinaweza kubaki kwenye hewa ya chumba hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Maana yake kila aliyekaa kwenye benchi letu la kusubiria asubuhi ile alikuwa wa kutafutwa. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na mgonjwa inaweza bado kumkinga. Kwa kichanga ambaye hajafikia umri wa chanjo, au mjamzito asiye na kinga, kuna immunoglobulini, yaani dawa ya kingamwili zilizo tayari, nayo mwisho wake ni siku 6 tangu akutane na mgonjwa. Saa hizo ndizo tulizozitumia kuchungulia kama karatasi imefika.

Karatasi ikafika. Hasi! Bosi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba kipimo cha IgM, yaani kingamwili za mwanzo ambazo mwili hutengeneza ukiambukizwa, kikichukuliwa ndani ya siku 3 za mwanzo za upele kinaweza kutoka hasi hata kama surua ipo, na sisi damu tuliitoa upele ndiyo kwanza unachomoza. Tukalala usingizi. Kisha watoto wa lile benchi wakaanza kurudi mmoja mmoja, homa kwanza, upele baadaye. Mmoja wao alikuwa kichanga, hata umri wa chanjo hajafika, akaishia kulazwa kwa nimonia. Alipona, lakini mama yake hakunisalimia tena, na simlaumu.

Afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa alipokuja aliniuliza swali moja tu: ulimshuku lini? Kabla sijajibu alishafungua daftari la wagonjwa, na pale palikuwa na mwandiko wangu mzuri wa shuleni: "surua?" na tarehe. Tangu siku hiyo naandika vibaya kama daktari wa kweli. Bosi naye, ajabu, siku hiyo alikuwa na dharura nyumbani.

Kwa hiyo shika hili: kinachoripotiwa ni shaka. Ufafanuzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mshukiwa wa surua ni mwenye homa na upele, au mtu yeyote ambaye mhudumu wa afya anamshuku. Kuthibitisha ni kazi ya walio juu yako. Ikija kuonekana ni rubela au upele mwingine, hujamwaibisha mtu. Mfumo wenyewe unategemea hivyo: WHO inataka kila mwaka washukiwa wasiopungua 2 kwa kila watu 100,000 wachunguzwe na kuonekana hawana surua wala rubela. Eneo lisilofikisha hapo linahesabiwa kuwa limelala.

Kuhusu siri ya mgonjwa, kupeleka taarifa ambayo sheria inakutaka uipeleke kwa mamlaka ya afya si kuvunja siri. Kumsimulia jirani ndiko kuvunja siri.

Unapopiga uwe na umri wa mtoto, chanjo alizopata na tarehe zake, siku upele ulipoanza, na mahali alipokuwa katika wiki 3 kabla ya upele. Chukua pia daftari la mapokezi kabla wa zamu hajalifungia kabatini, uandike majina ya waliokuwa chumbani na mtoto na waliokuja ndani ya saa 2 zilizofuata. Mtoe mtoto kwenye foleni sasa hivi, mpe chumba chake. Andika saa uliyopiga na aliyepokea. Bosi akifoka nani amekutuma, mfungulie huo ukurasa asome.